Kungoja Kati ya Dhoruba Mbili

Somo: Matendo ya Mitume 27:9–44

  Kaeni nasi kwa dakika hizi chache. Kama Biblia iko karibu, fungueni kitabu cha Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Tutaufikia baada ya muda mfupi, lakini kwanza twataka kuwapeleka baharini.

Wengi wetu tulizaliwa mbali na bahari. Kule Nyeri, Meru, Kakamega au Machakos mtu aweza kufikia uzee bila kuona tanga likitwekwa. Hata hivyo sote twajua maana ya kusafiri wakati hali ya hewa haiaminiki. Sote twajua pia maana ya kungoja, na kwamba kungoja ni kazi ngumu.

Basi, kuna watu ambao hawana nyumba ya mawe wala ya udongo. Nyumba yao ni mashua ya tanga, yenye urefu wa mita kumi au kumi na mbili. Wengi wa watu hao wako upande wa mashariki wa Marekani, katika pwani ya Bahari ya Atlantiki. Wengine ni wazee waliostaafu. Wengine ni mume na mke pamoja na watoto wao. Chumba kimoja ndicho jikoni, ndicho sebule, na ndicho darasa la watoto. Maji ya kunywa yako ndani ya tangi, na kila kikombe huhesabiwa. Sahani, vitabu na taa hufungwa au huwekwa mahali pasipoweza kuanguka, kwa maana nyumba hiyo huenda mrama. Usiku mtu hulala akisikia maji yakigonga mbao karibu na sikio lake.

Wakati wa joto watu hao hukaa kaskazini, katika majimbo kama Maine na Massachusetts, au katika ghuba ya Chesapeake. Lakini mwezi wa Septemba ukiisha, majani ya miti huko huanza kugeuka rangi na kupukutika. Baridi yaja. Muda si mrefu maji ya mahori yatashika barafu, na hakuna anayetaka kuishi ndani ya mashua iliyozungukwa na barafu. Kwa hiyo huanza safari ya kwenda kusini, mpaka Florida, na wengine huvuka mpaka visiwa vya Bahamas.

Mtu aweza kusema, "Si waondoke mapema tu?" Hapo ndipo penye taabu. Vimbunga vya Atlantiki hupata nguvu zake kutoka katika maji ya bahari yenye joto, na majira yake huhesabiwa tangu tarehe 1 Juni mpaka tarehe 30 Novemba. Kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Anayekwenda kusini mapema aweza kukutana na kimbunga njiani. Anayechelewa sana kaskazini hukutwa na baridi na pepo kali za majira yanayofuata. Nyuma kuna barafu, mbele kuna kimbunga. Safari nzima hufanywa katika mwanya ulio kati ya hatari mbili.

Na ndani ya mwanya huo kuna nyanya ndogo ndogo za hatari, kama tunavyoweza kusema, kwa kuwa katika miezi ya Oktoba na Novemba hewa ya baridi hushuka kutoka kaskazini kila baada ya siku chache. Kwanza upepo huvuma kutoka kusini, wenye joto na unyevu. Kisha mawingu meusi hupita na mvua, na mara upepo hugeuka kuwa wa kaskazini magharibi, mkali na wa baridi. Baada ya siku moja au mbili hutulia. Halafu mambo yote huanza tena. Mwenye mashua hutazama mbingu, husikiliza taarifa za hewa katika redio, na huuliza swali moja: Je, siku za utulivu zilizopo zatosha kunifikisha bandari inayofuata?

Kwa nini asiende tu, atakutana na lolote litakalokuja? Tutazame mahali pamoja paitwapo Cape Hatteras, katika jimbo la North Carolina. Hapo nchi imejitokeza baharini kama kiwiko cha mkono, na mafungu ya mchanga yanaendelea chini ya maji mbali na pwani. Karibu na hapo hupita mkondo mkubwa wa maji ya joto unaotoka upande wa Ghuba ya Mexico na kwenda kaskazini kwa nguvu. Upepo wa kaskazini unapovuma kukabili mkondo huo, maji husimama kama manyoya ya mbuzi yanaposuguliwa kinyume. Mawimbi huwa mafupi, marefu kwenda juu, yenye kuvunjika. Meli nyingi mno zimepotea hapo, hata mabaharia wamepaita Kaburi la Atlantiki.

Ndiyo maana mashua nyingi ndogo huacha bahari kuu na kufuata njia ya ndani. Njia hiyo huhesabiwa kuanzia Norfolk, katika jimbo la Virginia, nayo huendelea kwa maili zipatazo 1,100 mpaka Miami. Ni mito, mahori, maziwa ya chumvi na mifereji iliyochimbwa na watu, vyote vikiunganishwa nyuma ya visiwa vya mchanga. Mashua ya tanga huenda pole pole, labda maili 50 kwa siku, na jioni hutia nanga.

Hapa twaomba tusimame kidogo. Mmoja wa mifereji hiyo hupita katika kinamasi kikubwa kilichoko kwenye mpaka wa Virginia na North Carolina. Kuchimbwa kwake kulianza mwaka 1793, na mwaka 1805 ukafunguliwa. Walioshika majembe walikuwa watumwa, watu wenye asili ya Afrika, waliosimama katika maji na matope wakikata mizizi kwa mikono. Kwa miaka mingi mashua zimepita humo zikikwepa mawimbi ya Hatteras. Anayepita salama hapo apita juu ya jasho la watu ambao hawakuwa huru hata kuondoka mahali pale. Ndugu zetu, ni njia ngapi za usalama tunazopita sisi leo, ambazo zilichimbwa na wengine kwa machozi? Mtu asijisifu upesi kwamba amefika kwa akili zake mwenyewe.

Sasa twaingia bandarini pamoja na mashua hizo, siku ambayo taarifa ya hewa ni mbaya. Kila mmoja ametupa nanga na kuachia mnyororo mrefu, mara tano au mara saba ya kina cha maji, ili nanga ishike kwa ubavu na isiinuliwe. Kama kimbunga chenyewe chatazamiwa, matanga huvuliwa na kukunjwa, nanga ya pili hutupwa, kamba hukazwa, na mara nyingi watu huiacha mashua na kwenda nchi kavu. Kama ni upepo wa kawaida tu, hukaa ndani na kungoja. Siku moja, siku tatu, pengine juma zima.

Kungoja huko si starehe. Nguo hazikauki. Watoto huchoka. Mkate huisha. Rafiki au jamaa angoja kule kusini siku fulani, na siku hiyo yakaribia. Halafu asubuhi moja upepo hulegea kidogo, jua huchomoza, na mashua ya jirani yang'oa nanga na kuondoka. Hapo moyo hudunda. Kila mtu hujiuliza, "Mbona wao waenda, na sisi tumekaa?" Mabaharia hao wana usemi wao kwamba kitu cha hatari kuliko vyote ndani ya mashua ni kalenda. Wamaanisha hivi: mtu akiisha kujifunga kwa tarehe, haitazami tena bahari. Huitazama tarehe.

Wazee wa pwani yetu walilijua jambo hilo kabla yao. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi yalikuja Lamu, Malindi, Mombasa na Unguja kwa upepo wa kaskazi, unaovuma tangu Desemba hivi mpaka Machi. Kurudi kwao kulingoja upepo wa kusi. Tena hawakurudi siku yoyote ya kusi, kwa maana Juni na Julai upepo huo huwa mkali mno. Nahodha aliyechelewa alikaa bandarini miezi. Hakuna aliyemwita mvivu. Watu walijua kwamba bahari haina mkubwa wala tajiri, na kwamba upepo haupokei hongo.

Tukiisha kuyaona hayo, twaweza sasa kumsoma Luka vizuri zaidi, kwa kuwa naye aandika habari za safari ya majira hayo hayo.

Mtume Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi chini ya akida jina lake Yulio. Walipanda meli ya Iskanderia yenye shehena ya ngano. Pepo zilikuwa za mbisho, safari ikawa ya pole pole, na kwa taabu wakafika mahali paitwapo Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete. Luka atuambia kwamba siku za Wayahudi za kufunga zilikuwa zimekwisha kupita. Mfungo huo huangukia Septemba au Oktoba. Katika bahari ile ya kale, watu waliona safari kuwa ya hatari tangu katikati ya Septemba, na tangu Novemba mpaka Machi merikebu nyingi zilikaa bandarini. Basi meli ya Paulo ilikuwa katika mwanya ule ule tuliousema: majira mazuri yamekwisha, majira ya kufunga bahari hayajafika.

Paulo akawaonya wasiondoke. Hakuwa mtu asiyejua bahari. Katika waraka wake wa pili kwa Wakorintho, mlango wa 11, amekwisha kutaja kwamba alivunjikiwa na jahazi mara tatu, na kwamba alikaa kilindini usiku na mchana. Lakini akida alimsikiliza nahodha na mwenye meli kuliko Paulo. Na hapa lazima tuwe wenye haki. Hoja yao haikuwa ya kijinga. Bandari Nzuri haikufaa kukaa wakati wote wa baridi. Foinike, bandari iliyo bora, ilikuwa katika kisiwa hicho hicho, nayo si mbali. Waliotaka kuondoka walikuwa wengi. Sisi wenyewe tungalikuwapo, huenda tungaliinua mikono pamoja nao. Twasema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa hawakugombana. Walikubaliana, na bado walipotea.

Kisha kukavuma upepo mwanana kutoka kusini. Wakadhani wamepata walichokitaka, wakang'oa nanga. Haukupita muda mrefu tufani iitwayo Eurakilo ikawashukia kutoka upande wa nchi. Kwa siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Wakatupa shehena, wakatupa vyombo vya meli, na tumaini la kuokoka likawatoka.

Wasikilizaji wapenzi, msidhani kwamba mambo hayo ni ya zamani tu, ya watu wasiokuwa na redio. Jioni ya tarehe 25 Oktoba 2012, meli ya matanga iitwayo Bounty iliondoka katika mji wa New London, jimbo la Connecticut, kwenda Florida. Ilikuwa imejengwa Canada mwaka 1960 kwa mfano wa meli ya kale, ili itumiwe katika filamu. Ndani yake walikuwamo watu 16. Kimbunga kiitwacho Sandy kilikuwa baharini, na habari zake zilikuwa zikitangazwa kila saa. Nahodha alikuwa mtu mwenye ujuzi wa miaka mingi, naye aliamini kwamba meli huwa salama zaidi baharini kuliko bandarini. Meli ilikuwa inangojewa Florida mwezi wa Novemba. Kabla ya kuondoka aliwakusanya mabaharia wake, akawaambia kwamba anayetaka kushuka aweza kushuka. Hakuna aliyeshuka.

Alfajiri ya tarehe 29 Oktoba, mbele ya Cape Hatteras ile ile, maji yalikuwa yameishinda meli. Mabomba hayakuweza tena kuyatoa. Meli ikalala ubavu, na watu wakatupwa baharini gizani. Helikopta za walinzi wa pwani zikaokoa watu 14 katika upepo ule mkali. Mwanamke mmoja alipatikana akiwa amekufa, na nahodha hakuonekana tena. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walitoa taarifa yao mwaka 2014, wakasema kwamba chanzo cha ajali kilikuwa uamuzi wa kupeleka meli katika njia ya kimbunga kilichokuwa kimetangazwa wazi.

Hatusemi haya ili kumhukumu marehemu. Naye amelala mikononi mwa Mungu. Twasema ili tujitazame sisi. Fikirini juu ya wale watu kumi na watano waliosimama pale sitahani na kuambiwa kwamba mlango uko wazi. Ni vigumu sana kuwa mtu wa kwanza kushuka. Ni vigumu kusema, "Ninyi nendeni, sisi tunabaki," wakati wenzako wote wamefunga mizigo.

Na kwetu je? Tarehe 4 Desemba 2021, katika majira ya mvua za vuli, basi lililochukua wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda arusini lilizolewa na maji ya mto Enziu, karibu na Mwingi. Watu zaidi ya 30 walikufa. Walikuwa watu wa kanisa, wenye nyimbo midomoni na zawadi mikononi. Twalia pamoja na wafiwa. Na kila mara mto unapofurika mbele ya gari, na arusi au mazishi au mkutano ukiwa ng'ambo ya pili, swali la Bandari Nzuri huulizwa upya katika nchi yetu.

Basi tujifunze nini? Twataka kusema mambo matatu.

La kwanza, upepo mwanana si ruhusa. Meli ya Paulo haikuvutwa baharini na dhoruba. Ilivutwa na asubuhi nzuri. Kijana amemaliza shule, amekaa nyumbani miaka miwili bila kazi. Anatokea mtu aliyevaa vizuri, mwenye maneno matamu, aahidi kazi ng'ambo ifikapo Jumatatu ijayo, mradi fedha zitolewe leo. Baba auza ng'ombe, mama akopa katika chama. Hakuna aliyeuliza ofisi iko wapi, wala mkataba umeandikwaje, wala ni nani aliyetangulia na amerudi na habari gani. Kwa nini? Kwa sababu wamengoja sana, na upepo umevuma upande walioutaka. Ndugu zetu, mlango ukifunguka, tushukuru, lakini tuuchungulie kwanza kabla ya kuingia. Jambo lililo la Mungu haliogopi kuulizwa maswali.

La pili, kungoja si kulala. Mtazameni mwenye mashua siku ya upepo mbaya. Ashona tanga lililochanika. Apanda mlingotini kutazama kamba. Afungua ubao wa sakafuni kuona kama maji yanaingia. Asikiliza taarifa za hewa asubuhi na jioni. Ajaza tangi. Amtembelea jirani yake kwa mtumbwi na kumpelekea chai. Mwanya ukitokea, yu tayari kung'oa nanga kabla ya mapambazuko. Asiyetengeneza chombo wakati wa kungoja, hata akipewa siku kumi za shwari hatafika. Kwa hiyo, wewe uliye nje ya kazi, jifunze ufundi ulio karibu nawe. Wewe uliye katika ugomvi wa nyumbani, tengeneza maneno yako kabla ya siku ya kupatana. Wewe mgonjwa, ambaye daktari amekuambia ungoje mwezi mmoja tena, huo mwezi nao ni sehemu ya maisha uliyopewa. Omba ndani yake. Andika barua uliyoiahirisha. Mpatanishe mwanao na nduguye.

La tatu, bandari si nyumbani. Kuna mtu ambaye akiisha kusikia habari za Bounty, atasema, "Basi sisi hatutaondoka kamwe." Huyo naye amekosea. Mwenye mashua asiyethubutu kuondoka kaskazini hukutwa na barafu. Paulo hakusema Rumi isifikiwe. Alisema wakati huu usitumiwe. Yako makanisa ambayo yamengoja mwanya kwa miaka ishirini, na mwanya umepita mara arobaini. Kamati hukutana, hunywa chai, huahirisha. Wako watu waliokusudia kumrudia Bwana baada ya mavuno, kisha baada ya arusi ya binti, kisha baada ya kustaafu. Subira huvuta heri, hiyo ni kweli, lakini subira ni ya mtu aliye macho. Siku ya shwari ikija, ng'oa nanga.

Twajua kwamba wengine mnaotusikiliza hamko bandarini hata kidogo. Dhoruba imekwisha kuwakuta. Labda mliondoka wakati usiofaa. Labda wengine waliamua, nanyi mlikuwa abiria tu, kama wale wafungwa waliopelekwa na Yulio bila kuulizwa. Kwenu twataka kusema neno moja la mwisho, kwa maana habari ya Matendo 27 haiishii katika tufani.

Paulo aliwakumbusha watu wale kwamba iliwapasa kumsikiliza. Alisema hivyo mara moja tu, kisha akaacha. Hakusimama sitahani siku kumi na nne akisema, "Niliwaambia." Aliwatia moyo. Aliwahimiza wale chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akaanza kula. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua ndogo, alimwonya akida kwamba wasipokaa wote pamoja melini hawataokoka, na safari hii akida alimsikiliza. Walitupa nanga nne nyuma, wakaomba kuche. Kulipokucha, meli ikapwelewa na kuvunjika. Wengine wakaogelea, wengine wakashika mbao na vipande vya meli. Watu 276 wote wakafika pwani salama, katika kisiwa cha Melita, ambacho siku hizi chaitwa Malta.

Angalieni jambo hili. Meli ilipotea. Ngano ilipotea. Hesabu ya mwenye meli iliharibika kabisa. Makosa ya Bandari Nzuri hayakufutwa. Yalilipiwa. Lakini rehema ya Mungu iliwafuata hata mahali ambapo hawakupaswa kuwapo. Na baada ya hayo walifanya nini? Walikaa Melita miezi mitatu wakingoja majira ya baridi yaishe. Safari hii walingoja. Kisha wakapanda meli nyingine, wakafika Rumi.

Kwa hiyo, kama ubao tu ndio uliobaki mkononi mwako, shika ubao. Usiuache kwa sababu si meli. Kama umepoteza fedha kwa yule mtu wa maneno matamu, usijifiche nyumbani kwa aibu. Mwambie mchungaji wako, waambie wazee, piga ripoti ili mwingine asiangamie. Na kama wewe ndiwe uliyeonya na hukusikilizwa, usisimame pwani ukihesabu waliozama. Washa moto, kama watu wa Melita walivyowasha, maana kulikuwa na mvua na baridi, na wale waliotoka majini walikuwa wakitetemeka.

Usiku wa leo, katika mahori ya Carolina au katika bandari nyingine duniani, kuna mtu alalaye na nguo zake, akiamka kila saa kutazama kama nanga yake imeshika. Nasi tuna nanga zetu za kutazama kabla ya kulala. Tuna kalenda zetu ambazo zimeanza kututawala. Kila mmoja wetu na aulize mbele za Mungu: Je, lile ninaloliharakia, naliharakia kwa sababu wakati wake umefika, au kwa sababu nimechoka kungoja?

Na tuombe.

Ee Mungu wetu, wewe uliyeziweka pepo na majira yake, twakushukuru kwa bandari ulizotupa. Utusamehe haraka yetu, na utusamehe uvivu tuliouita subira. Wape hekima wote walio na watu mikononi mwao, manahodha, madereva, wazazi na viongozi, wasiwapeleke wengine katika hatari kwa ajili ya tarehe au heshima yao. Mpe ujasiri yule mmoja anayejua kwamba imempasa kushuka. Uwakumbuke walio katika dhoruba usiku huu, baharini na nchi kavu, uwafikishe pwani, hata ikiwa ni juu ya mbao. Na mwanya wako utakapofunguka, utukute tu macho. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Wasikilizaji wapenzi, Mungu akipenda tutakutana tena juma lijalo wakati kama huu. Kwa herini, na amani ya Bwana ikae nanyi.